Mabeseni Juani

Wifi yangu sikumpenda, na sioni kwa nini nifiche. Kaka alipomleta nyumbani, yaani kwenye hema letu la turubai, alikuja ameshika ndoo mbili badala ya begi. Nikamvuta kaka pembeni nikamuuliza, "Umeoa mke au umeajiri mteka maji?" Kaka akacheka. Yeye hucheka kila jambo, ndiyo maana ameweza kuchimba vyoo miaka yote hii bila kununa.

Kambi yetu iko kwenye mteremko. Chini kabisa kuna mto mpana wenye maji ya rangi ya tope. Sisi wa mwanzo tulipofika, vijiji vyetu vikiwa vimechomwa nyuma yetu, tuliunywa mto ule jinsi ulivyo. Mwaka ule tulizika watu wengi, na mama yetu alikuwa mmoja wao. Kisha likaja shirika na pampu, na matangi matatu ya mpira ambayo yakijaa huvimba kama mito ya kulalia, na mabomba yaliyofukiwa ardhini hadi kwenye vituo kumi vya kuchotea. Mimi nikapewa bomba namba sita. Kazi yangu ni kufungua, kufunga, kupanga foleni na kuamua nani ameanza kusukumana. Watu wakanibandika jina la Afande, nami sikulikataa. Kaka, ambaye kambi nzima inamwita Fundi Shimo, akaingia kikosi cha vyoo. Alipooa mtu wa matangi tukawa familia inayoishi kwa maji na choo, na wenye midomo hawakukosa la kusema.

Wifi naye alikuwa na jina lake: Mpishi wa Maji. Asubuhi, kabla sijafungua bomba, yeye huwa ameshapanga ndoo sita juu ya ubao, zote zimejaa maji ya mto ya siku hiyo. Katika kila moja hutia maji ya shabu, ile dawa ya kugandisha tope, lakini kwa kipimo tofauti: hii kijiko kimoja, ile viwili, hadi ya mwisho. Hukoroga kwa kasi, kisha polepole, kisha hukaa kwenye kigoda na kuzitazama kama mama anayechunga maziwa yasifurike jikoni. Ndoo itakayotulia na kung'aa kwa shabu kidogo kuliko zote ndiyo inayompa kipimo cha tangi zima. Mvua ikinyesha huko mto unakotoka, anaanza upya.

"Wifi, hicho unachopika kitaiva lini?" nilikuwa namtania nikipita. "Watu wana kiu."

"Mto wa leo una tope zaidi ya ule wa jana, wifi. Nikirudia kipimo cha jana nawanywesha matope," alikuwa anajibu bila kuinua macho. Hajui kutania. Unamtupia neno la mzaha, anakurudishia somo.

Baada ya shabu inafuata klorini, dawa ya kuua vijidudu. Huichanganya kwenye pipa la buluu lenye mfuniko, ikawa maji makali, ndipo inapoingia tangini kidogo kidogo. Nimewahi kumwona amekasirika mara moja tu. Mbeba mizigo mmoja aliacha pipa lile wazi tangu asubuhi, wifi akamjia juu: "Dawa hii jua likiipiga inaruka! Inakwisha yote! Funika!" Mimi nilikuwa napita na ufunguo wangu wa bomba, nikayaokota maneno yale nikaenda nayo. Mimi ni mtu wa kuokota maneno. Laiti ningeokota na maana yake.

Kilichonikera kuliko vyote ni tabia yake ya kufuata ndoo za watu. Kazi yake kwa maandishi iliishia bombani. Alikuwa na kidude cha plastiki chenye vijumba viwili vidogo. Unatia maji, unadondosha kidonge, ukitikisa yakigeuka pinki basi dawa ipo na inalinda, yakibaki meupe hakuna ulinzi. Wenzake walipima bombani wakaandika, wakaenda zao. Yeye, mara moja kwa wiki, anachagua mtu yeyote kwenye foleni, anatembea naye hadi nyumbani, anaomba maji kwenye kikombe kilekile anachonywea mwenye nyumba, na kuyapima. "Mtu hanywi kwenye bomba," alisema nilipomuuliza. "Anakunywa kwenye kikombe." Mimi nikamwona mbeya anayepekua vyombo vya watu kwa kisingizio cha kazi.

Miezi mitatu iliyopita wakaletwa wageni, familia mia mbili, nao wamekimbia kwao kama sisi tulivyokimbia. Wakapewa sehemu ya juu ya mteremko, mwamba mtupu. Kaka na wenzake wakaenda kuwachimbia vyoo, na wakakuta sururu inaruka juu kama imepiga chuma. Mpaka wiki ninayotaka kuisimulia, vyoo vilivyokamilika vilikuwa kumi na viwili tu kwa watu wote wale. Waliobaki walikwenda nyuma ya mawe. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na kwa sababu nzi hawaulizi njia.

Bomba lao lilikuwa langu, namba sita. Na siku ya kwanza tu mzozo ukaanza. Watu hawa walitoka milimani, kwenye chemchemi zinazobubujika kwenye jiwe, maji baridi yasiyo na harufu wala ladha. Walinusa maji yetu wakakunja nyuso.

Aliyesema kwa niaba ya wote alikuwa bibi mmoja mwembamba mwenye beseni jekundu, tuliyempa jina la Bibi Redio siku ya pili, kwa sababu siku ya kwanza hatukupata nafasi ya kusema. Bibi yule alianza kuzungumza akiwa mkiani mwa foleni na alipofika bombani alikuwa hajameza mate. Kupitia kwake nilijua nani amegombana na mume, nani hema lake linavuja, na mtoto gani ameota jino. Nilimpenda tangu mwanzo. Mama yangu alikuwa hivyohivyo.

"Mwanangu Afande," aliniambia asubuhi moja, baada ya wiki nyingi za malalamiko, "maji yenu yananuka hospitali. Nikiyanywa najisikia mgonjwa kabla sijaugua."

"Ni dawa, bibi. Ni nzuri."

"Nzuri kwa nani? Wajukuu wanayatema. Kuna mama ameanza kwenda mtoni."

Aliposema mtoni nilishtuka. Mto ule naujua. Na hapo ndipo nilipojitia ujuzi, kwa nia njema kabisa, na kwa kichwa kilichovimba. Nikamwambia, "Sikiliza, bibi. Mtoni msiende. Mkifika nyumbani, mimineni maji kwenye beseni, mliache wazi juani mpaka mchana. Dawa inaruka, harufu inakwisha, mnakunywa maji matamu."

Kesho yake akarudi anacheka mapengo nje. "Mwanangu, umeniponya! Yamekuwa kama ya kwetu!" Akanishika mkono, akanibariki mimi na watoto nitakaowazaa. Nilitembea siku ile kama niliyevumbua bomba lenyewe. Na Redio ni redio. Usiulize kama alikaa na habari ile peke yake.

Siku chache baadaye, Jumapili, ugonjwa ukaanza. Kuhara na kutapika, watu wanne, wote wa juu. Kufikia Jumatatu adhuhuri walikuwa kumi na mmoja kwenye zahanati ya hema, na wa kumi na mmoja alikuwa Bibi Redio. Walimpitisha mbele ya bomba langu kwenye machela. Macho yake yalikuwa yamezama ndani, na hakusema neno. Nikamwita, "Bibi!" Akanitazama tu. Nilikuwa nimemzoea bibi yule akisema. Kimya chake kilinitia baridi.

Jioni akaja Mhandisi, mkuu wa maji wa kambi nzima, mtu mwenye kofia ya plastiki ambayo hata kivulini haivui. Akatuita mimi na wifi penye bomba.

"Wagonjwa wote wanachota hapa," alisema. "Vituo vingine hakuna hata mmoja. Maana yake bomba limepasuka mahali fulani na uchafu unaingia. Nalifunga na kuchimbua mstari wote."

"Leo bombani maji yamekuwa pinki mara tatu," wifi alisema.

"Yanaweza kuwa pinki leo na kesho yasiwe. Au basi uongeze dawa mara mbili."

"Nikiongeza, hawatayanywa kabisa. Watakwenda mtoni." Wifi aliongea polepole kama anayekoroga ndoo zake. "Na ukilifunga, bomba la karibu ni namba tano, mwendo wa nusu saa na foleni yake imejaa. Mto uko dakika kumi. Wewe ungekwenda wapi?"

Mhandisi akakuna kidevu. Sikuwahi kuona mtu akimwuliza swali kama hilo. Akasema, "Nakupa mpaka Ijumaa. Ijumaa asubuhi nakuja na watu wa kuchimba, na bomba linafungwa."

Basi hesabu ilikuwa hiyo. Siku tatu, au familia mia mbili zirudi kwenye maji yaliyomuua mama yangu.

Jumanne wifi alinikuta nafungua kufuli. "Wifi," aliniambia, "leo mwachie mwenzako zamu. Twende wote."

"Nikafanye nini? Mimi sijui mambo ya vidonge."

"Wanakujua wewe. Mimi wananikaribisha kwa shingo upande."

Tukamfuata dada mmoja aliyejitwika ndoo. Bombani wifi alipima: pinki, rangi nzuri kama ya ndani ya mdomo wa mtoto. Njiani akasimamisha ndoo, akapima tena: pinki. Tukafika kwenye hema. Dada yule akaishusha ndoo, na mbele ya macho yetu akayamimina maji yote kwenye beseni pana, akaliweka juu ya jiwe kwenye jua kali. Mtoto akaja na kikombe kichafu, akachota kwenye beseni jingine lililokuwa pale tangu asubuhi, mkono wote ndani. Nzi wawili walikuwa wanaelea.

Wifi akapima maji ya beseni lile la asubuhi. Akadondosha kidonge, akatikisa, akakiinua kidude usawa wa macho. Maji yalibaki meupe.

Nikageuza uso nisimwone wifi, na ndipo nikaona yaliyokuwa mbele yangu. Kutoka pale tulipokuwa unaona mtaa mzima wa wageni. Juu ya kila jiwe, mbele ya kila hema, kulikuwa na beseni. Jekundu, buluu, kijani, mengine yametoboka yakazibwa kwa nta, yote yametazama mbingu, yanameremeta. Niliyaanika mimi. Kila moja nililianika mimi kwa mdomo wangu.

"Kwa nini mnayaweka juani, dada?" wifi aliuliza kwa upole.

"Tunayatuliza dawa."

"Nani aliwafundisha?"

"Bibi Redio alituambia. Naye aliambiwa na wenyewe wa maji."

Wifi aliandika kwenye daftari lake. Hakunitazama. Tulipita mahema kumi na tisa siku ile, na katika kumi na saba maji yalibaki meupe. Kila hema alisalimia, aliomba kikombe, alishukuru, aliandika. Jua lilikuwa linachoma hadi mawe yananukia, na yeye hakuketi hata mara moja, wala hakumwinulia mtu sauti. Mimi nilitembea nyuma yake mdomo umefungwa, mimi ambaye mdomo wangu unajulikana kambi nzima.

Jumatano asubuhi alipanda tena, safari hii na kipaza sauti na muuguzi wa zahanati. Akawaeleza watu vizuri sana: kwamba ile harufu ndiyo askari wenyewe, kwamba jua linawafukuza, kwamba maji yakae kwenye dumu lenye mdomo mwembamba na kifuniko, na yamiminwe, yasichotwe kwa mkono. Watu wakatikisa vichwa kwa adabu. Adhuhuri kaka alishuka kutoka juu amejaa vumbi, akaniambia kwamba mabeseni bado yako juani. Alikuwa amemsikia mzee mmoja akiwaambia wenzake, "Hawa wanataka tunywe dawa yao tu. Sisi tumeelekezwa na mwenye bomba."

"Mwenye bomba," kaka alirudia, akanitazama. "Dada, mwenye bomba ni nani?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, kuanzia pipa la buluu hadi baraka za Bibi Redio. Mara ya kwanza maishani mwangu niliona kaka yangu ameambiwa jambo na hakucheka. Viganja vyake vilikuwa vimepasuka kwa mwamba.

"Mwambie mke wangu," alisema.

"Atanifukuzisha kazi."

"Basi ufukuzwe." Akachukua sururu yake akarudi juu kwenye mashimo yake, na alipokuwa anaondoka nilimchukia kwa sababu alikuwa na haki.

Sikumwambia. Nilisimama bombani kutwa nikigombeza watu kwa makosa yasiyokuwepo. Jioni wifi akaja mwenyewe. Akageuza ndoo tupu, akakaa kando yangu. Miguu yake ilikuwa imevimba na ndala moja imekatika, ameifunga kwa waya.

"Bibi Redio amewekewa dripu ya nne," alisema. "Wagonjwa ni kumi na wanane sasa." Akakaza waya wa ndala. "Yale maneno ya mabeseni hawayapokei kutoka kwangu, wifi. Nimejaribu. Sijui watayapokea kutoka kwa nani."

Akainuka, akajifuta vumbi, akaenda kutazama matangi yake. Hapo nilijua kwamba anajua, na kwamba amejua tangu Jumanne, pengine tangu lile hema la kwanza. Angenitukana ningejua pa kuanzia, maana kwa matusi mimi sishindwi. Lakini alinikabidhi jambo langu mikononi mwangu, akaondoka, na sikuwahi kushikishwa mzigo mzito kama ule.

Alhamisi alfajiri nilikwenda zahanati kabla ya kufungua bomba. Bibi Redio alikuwa amelala chali, mpira wa dripu umebandikwa mkononi, midomo imekauka. Nikapiga magoti kando ya kitanda.

"Bibi, ni mimi niliyewaletea ugonjwa. Ule ushauri wa beseni ulikuwa mbaya. Jua linaondoa dawa, na ile dawa ndiyo iliyokuwa inawalinda. Sikujua. Nilijifanya najua."

Nikadhani hakusikia. Kisha akasema, kwa sauti nyembamba kama uzi, "Unaniambia mimi ili nikawaambie wao?"

Ni kweli, nilikuwa nimelitumaini hilo.

"Mwanangu, redio haina betri leo. Katangaze mwenyewe."

Nikatoka. Foleni ilikuwa imeshajaa, madumu na mabeseni yamepangwa hadi kwenye njia. Wifi alikuwa amekuja na kidude chake cha kupimia, amesimama pembeni. Nilifungua kufuli, lakini bomba sikulifungua. Manung'uniko yakaanza. Nikapanda juu ya kitako cha zege kinachoshika mguu wa bomba, ili wa nyuma nao wanione.

"Tulieni," nilisema. "Nani aliwaambia muanike maji juani?"

Sauti moja ikajibu, "Bibi."

"Na bibi aliambiwa na nani?"

Macho yote yakanigeukia.

"Aliambiwa na mimi. Mimi, Afande wenu. Sikufundishwa na mtu, sikumuuliza mtu, nilisikia neno moja nikaligeuza ushauri. Nimewadanganya. Sikukusudia, lakini waliolala kule zahanati wamelala kwa kosa langu." Nikamwonyesha wifi kwa kidole. "Huyu hapa wifi yangu amezunguka kwenu siku mbili akiwaambia ukweli, nanyi mmemkatalia kwa sababu yangu. Leo msinisikilize mimi. Tazameni kwa macho yenu."

Wifi akaja mbele. Hakunigusa, hakunitazama, alifanya kazi yake tu. Akachukua maji ya beseni la jana kutoka kwa mama mmoja, akatia kidonge: meupe. Akachukua maji ya jana hiyohiyo kutoka kwenye dumu lililofunikwa: pinki. Akakipitisha kidude, kijumba kimoja cheupe na cha pili pinki, kutoka mkono hadi mkono, foleni nzima, hadi mzee yule wa "mwenye bomba" akakiona karibu na pua.

Kulikuwa na mama ambaye mwanawe alikuwa zahanati siku ya tatu. Alitoka kwenye mstari na beseni lililokuwa bado na maji ya jana, akanijia, akaja hadi karibu kabisa. Akanimwagia maji yote miguuni. Sikusogea. Akanitazama, machozi yanamtoka, kisha akamgeukia jirani yake akasema, "Niazime dumu lako." Akalitega chini ya bomba na kuniambia, "Fungua."

Nikafungua.

Siku ile hatukupumzika. Shirika lilikuwa na madumu mia moja na hamsini stoo; wifi alikuwa ameshayaomba tangu Jumanne, na yalipofika nikayagawa mimi mwenyewe, nikionyesha kila mtu namna ya kufunga kifuniko kama ninayefundisha watoto wa chekechea. Kisha tukapanda juu, yeye na mimi, tukaingia hema kwa hema. Baadhi walinipokea kwa maneno makali, nikayameza, maana yalikuwa yangu. Hema moja nilifukuzwa. Wifi aliningoja nje, akanipa maji, tukaenda la pili. Kwa mbali tulisikia sururu ya kaka na wenzake kwenye mwamba, bila kukoma, maana nao walikuwa wameapa kwamba vyoo vitafika thelathini kabla ya mwezi kwisha.

Ijumaa Mhandisi alifika na kofia yake na watu sita wenye majembe. Wifi akamfungulia daftari. Nyumba arobaini zilizopimwa tangu Alhamisi jioni hadi asubuhi ile, kikombe kwa kikombe. Thelathini na nne pinki. Mgonjwa mpya tangu jana yake, hakuna.

Mhandisi alisoma ukurasa, akarudi nyuma, akasoma tena. "Kwa hiyo bomba halikupasuka."

"Halikupasuka."

"Na nani aliwapa watu ujinga huu wa mabeseni?"

Nikafungua mdomo, lakini wifi alinitangulia.

"Ni kosa langu," alisema. "Niliwafundisha watu wa bombani kufunika. Sikuwafundisha kwa nini tunafunika. Mtu akijua nusu anajaza nusu nyingine mwenyewe."

"Hapana," nikasema. "Ni mimi. Nimeshakiri mbele ya foleni nzima, na yeye alikuwepo."

"Alikuwa na maneno yangu ya pipa kichwani," wifi akasema.

"Kichwa ni changu!"

Mhandisi akatutazama mmoja mmoja. Kisha akaivua ile kofia, jambo ambalo sikuwahi kuliona, akajipangusa jasho. "Ninyi mtamalizana nyumbani," alisema, akawaambia watu wa majembe wakamsaidie Fundi Shimo.

Njiani kurudi nilitaka kumshukuru wifi. Nikamwambia tu, "Wifi, ndala yako nitakushonea." Akasema, "Shona vizuri, nina safari nyingi." Nadhani ulikuwa mzaha. Kama ulikuwa mzaha, ulikuwa wake wa kwanza, na nilicheka hadi watu wakageuka. Nampenda mwanamke yule. Naandika hapa ili asije mtu akasema sikuwahi kulitamka.

Jumatatu aliniita kwenye ubao wake wa ndoo kabla jua halijapanda. Zilikuwa saba badala ya sita. Akanipa fimbo ya kukorogea bila hotuba. Nilipomaliza akanitia mkononi kile kidude cha plastiki, kopo la vidonge na daftari lake. "Leo fuata ndoo moja," alisema. "Yoyote."

Sikuchagua yoyote. Bibi Redio alikuwa ametolewa zahanati siku iliyotangulia, na asubuhi ile alikuja bombani akishikilia fimbo, na dumu jipya, na maneno ya wiki nzima yaliyokuwa yamemsongamana. Nilimbebea dumu hadi juu. Alianza kuzungumza tulipotoka bombani, na tulipofika hemani kwake nilijua muuguzi gani anakoroma zamu ya mchana. Lile beseni jekundu lilikuwa nje limejazwa udongo, amepandia vitunguu.

Nikamwomba maji ya kikombe chake. Akanimiminia kutoka kwenye dumu la jana, akalifunga kifuniko kwa viganja vyote viwili. Nikatia kidogo kwenye kidude, nikadondosha kidonge, nikatikisa. Kisha nikakiinua kwenye mwanga.

"Vipi?" aliuliza.

"Pinki, bibi."

Alichukua kikombe, akakinusa, akakunja uso mzima, akanywa hadi tone la mwisho.

"Bado yananuka hospitali," alisema. "Hilo naruhusiwa kulitangaza?"

"Tangaza, bibi. Tangaza kila siku."

Nikafungua daftari la wifi, nikaandika kwa mkono wangu.